Atkinson Grimshaw: karani wa reli aliyekuja kuwa bingwa wa kuchora usiku wa mbalamwezi (uzi maalumu)

Kandili (mleta uzi)

Wakuu kwema? Humu tukiongelea wachoraji wa Ulaya ni walewale kila siku, leo naleta mmoja ambaye jina lake halivumi sana huku kwetu lakini kwenye kuchora usiku wa mjini mi naona hajapatikana wa kumfikia. Anaitwa John Atkinson Grimshaw, Mwingereza wa Leeds, kazaliwa 6 Septemba 1836 kafariki 13 Oktoba 1893. Baadae hilo John akaliacha kwenye sahihi akawa anaandika Atkinson Grimshaw tu, kwahiyo mkimtafuta tumieni hilo.

Historia yake kwa ufupi maana inasaidia kumwelewa. Hakusomea uchoraji popote. Wazazi wake walikuwa Wabaptisti wa msimamo mkali na inasimuliwa mama yake alikuwa hataki kabisa hiyo habari ya uchoraji, kuna siku alichukua rangi za mtoto akazitupa motoni. Kijana akaajiriwa ukarani kwenye kampuni ya reli ya Great Northern hapohapo Leeds, huku anachora kwa kuibia muda, akaoa binamu yake Frances Hubbard, alafu 1861 akaacha kazi ya mshahara ili aishi kwa brashi. Fikiria mtu ana mke tayari, hana cheti, hana mfadhili wa maana, anaacha kazi ya reli ambayo enzi zile ilikuwa ndo kazi ya uhakika. Walizaa watoto kumi na tano na sita tu ndo walifika utu uzima, wanne kati ya hao nao wakawa wachoraji: Arthur, Louis, Wilfred na binti anaitwa Elaine.

Mwanzoni hakuchora usiku. Alichora matunda, viota vya ndege, miamba yenye kuvu, vitu vya mchana kweupe na kila jani linahesabika, kwa sababu alikuwa anafuata wale vijana wa London waliojiita Pre-Raphaelite ambao msimamo wao ulikuwa chora unachokiona mpaka unyasi wa mwisho. Mtu akitaka kuona hicho kipindi atafute picha yake ya jiwe la Bowder kule Borrowdale, ipo Tate, jumba la sanaa la London. Naomba mlishike hili maana ndo msingi wa yote yanayofuata. Huyu mtu alipoingia gizani aliingia na nidhamu ya mchana.

1870 mambo yakamnyookea akapanga jumba la karne ya 17 linaitwa Knostrop Old Hall, nje kidogo ya Leeds, na baadae nyumba nyingine kule Scarborough pwani. Ndo hapo zinaanza kutoka zile picha zenyewe. Chukua yoyote ya vile vichochoro vya pembezoni mwa mji: ukuta mrefu wa mawe, miti imepukutika majani, mwanamke mmoja anatembea katupa mgongo, na nyuma ya ukuta nyumba kubwa ina dirisha moja tu linawaka. Ukiangalia haraka utasema basi, nimeshaelewa, mwezi na miti. Sasa usiangalie juu, angalia chini, njiani. Matope yana mikondo miwili ya magurudumu ya mkokoteni, maji ya mvua yamekaa ndani ya ile mikondo, na mwanga wa mwezi umeshuka mle ndani umekatikakatika vipande, pale penye maji mengi unang'aa pale penye tope unafifia, majani makavu yameganda pembeni kila moja na kivuli chake. Alafu panda juu kwenye matawi, yale madogo ya mwisho membamba kama nyuzi, yanapishana mbele ya anga na hakuna tawi limechorwa kwa kubahatisha.

Cha pili ni rangi. Wachoraji wengi ukiwaambia usiku wanakimbilia bluu. Usiku wa Grimshaw una kijani, una njano iliyofifia, una kahawia. Leeds ilikuwa mji wa viwanda vya sufu na mashine, makaa ya mawe yanaungua usiku na mchana, mwanga wa mwezi ukipita kwenye moshi na unyevu ule hauwezi kukufikia mweupe. Mi naamini alichora hewa ya mji wake kama ilivyokuwa.

Alafu kuna bandari: Liverpool, Hull, Glasgow, na mto Thames London. Hizi ndo zilizoniteka kabisa. Shipping on the Clyde ya 1881 na Liverpool Quay by Moonlight ya 1887, ukizitazama unakuta upande mmoja milingoti ya meli imesimama gizani na upande wa pili maduka yanawaka taa za gesi, katikati barabara ya gati imeloa mvua. Mwezi unatoa mwanga wake wa baridi, madirisha ya maduka yanamwaga mwanga wa moto, na sehemu pekee inayokutanisha hizo nuru mbili ni ile barabara iliyoloa. Kwangu mimi hapo ndo penye kazi yake yote. Mvua imeacha, watu wametoka nje, mji unajiona chini ya miguu yao.

Karibuni tujadili, picha zipo nyingi mtandaoni.

Mjukuu_wa_Fundi

Mkuu Kandili uzi mzuri sana nimesoma wote. Ila nina swali, nimewahi kusoma mahali kwamba huyu jamaa alikuwa anatumia picha za kamera, anazimulika kwenye kanvasi alafu anafuatisha mistari. Kama ni kweli sasa ubingwa unabaki wapi? Si ni kunakili tu?

Kandili

Mjukuu swali lako ni zito na hata wenzake walimtilia shaka, wapo waliosema hizi sio picha za kuchora kabisa maana hawaoni alama ya brashi. Na ni kweli alitumia picha za kamera na vifaa vya kumulika taswira kwenye kanvasi, hilo halina ubishi mkubwa.

Lakini twende taratibu. Picha ya kamera ya miaka ya 1870 inapatikanaje? Kwa vioo vilivyopakwa dawa ambavyo vilihitaji mwanga mwingi, na mchana kweupe mtu alitakiwa atulie asitikisike. Mwanga wa mwezi mpevu ni dhaifu kuliko wa jua karibu mara 400,000. Sasa niambie ni kamera gani ya wakati ule ingeweza kupiga gati ya Liverpool usiku, farasi wanatembea, watu wanapita, taa za gesi zinachezacheza kwenye maji? Haikuwepo. Hicho kifaa kingeweza kumpa nini, labda mistari ya majengo, pembe ya mtaa, urefu wa milingoti. Mwanga wote ule, kwamba dirisha hili liwake namna hii na mwanga wake ufike mpaka kwenye jiwe lile uishie pale, hakuna kamera iliyompa. Alitoka nje akausoma kwa macho, akaubeba kichwani mpaka chumba cha kazi, akauweka. Kwahiyo kilichofuatishwa ni mifupa, nyama yote ni ya kwake.

Bahari_Shwari

Salaam wadau. Mi niko Leeds kimasomo na nimefurahi mno kukuta uzi huu maana jumba la sanaa la hapa mjini lina picha zake kadhaa na kuingia ni bure. Kaka Kandili uliyosema kuhusu barabara ni kweli tupu. Niongezee Reflections on the Thames, Westminster ya 1880, ipo hapa. Ni barabara ya kando ya mto, jengo la Bunge na mnara wa saa vinaonekana kwa mbali kama moshi mzito, mwezi umemwaga njia ya mwanga juu ya maji. Kwenye simu inaonekana nzuri tu lakini ukisimama mbele yake ndo unashangaa, kwa sababu uso wa picha umelala laini kabisa huoni wapi brashi imepita, rangi nyembamba juu ya rangi nyembamba, alafu ghafla kwenye taa na kwenye mwezi unakuta rangi nzito imewekwa imetuna, kiasi kwamba taa za ukumbini zinapiga pale panang'aa kweli. Yaani amefanya sehemu ya mwanga ikamate mwanga. Kwenye simu hicho kitu hakionekani hata ukuze vipi.

Na kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba ile barabara ya kando ya mto ilikuwa mpya, imekamilika 1870, kazi ya injinia Joseph Bazalgette, na chini yake kumepita bomba kubwa la majitaka la jiji. Mto Thames ulikuwa unanuka mpaka 1858 Bunge lilishindwa kukaa vizuri kwa harufu. Alafu kuanzia mwisho wa 1878 wakaweka pale taa za umeme za majaribio, wakaja wakarudisha gesi baada ya miaka michache. Kwahiyo Grimshaw anafika pale anakuta sehemu ambayo Mlondon wa kawaida alikuwa ndo kwanza anaanza kutembea usiku kwa raha. Alikuwa anachora kitu kipya kabisa, tunadanganyika kwa sababu kwetu sisi kinaonekana cha zamani.

Kandili

Dada umenimalizia kazi, asante sana. Hilo la mwisho ndo nilikuwa nalitafutia maneno. Watu wanaziona hizi picha wanasema aah za kizamani, zina huzuni, kumbe kwa mtu wa 1880 duka linalowaka saa mbili usiku lilikuwa jambo la kisasa kabisa. Babu zao walikuwa wanatembea na kandili mkononi.

Kipanga_Mweusi

Nitatofautiana kidogo na wadau. Nimepitia picha zake zaidi ya hamsini mtandaoni sasa hivi na kwa kweli baada ya muda zinafanana mno. Ukuta, geti, mti, mwezi, mwanamke. Ukuta, geti, mti, mwezi, mwanamke. Hiyo kwangu ni biashara, kapata fomula inayouzika akaikamua. Hata humu kwetu wachoraji wa kuuzia watalii tunawalaumu kwa kurudia twiga yuleyule, mbona huyu tumsifie?

Kandili

Kipanga sitakubishia kwamba alichora kwa ajili ya kuuza, aliishi kwa brashi na watoto wanakula. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa matajiri wa viwanda na wafanyabiashara wa kaskazini, na picha nyingi zilipita kwa madalali wa London, kwenye maonyesho ya Royal Academy alipeleka chache sana. Karibu na 1880 akapata msukosuko mkubwa wa pesa, ile nyumba ya Scarborough ikabidi aiache, na kuanzia hapo alichora kwa kasi ya kutisha. Ndani ya hizo zipo dhaifu, naziona, kuna vichochoro vya miaka ile vinaonekana mkono unakwenda wenyewe na akili haipo. Alafu ujue pia kuna za kughushi nyingi, alivyokuja kupanda bei watu wakaanza kutengeneza Grimshaw wao, kwahiyo sio kila ukionacho mtandaoni ni mkono wake.

Lakini ukisema fomula naomba ufanye hivi: weka pembeni vichochoro, chukua bandari peke yake, alafu chukua picha zake za mwisho mwisho, za 1892 na 1893. Mtu wa miaka hamsini na kitu, ana jina, ana soko la mwezi na mvua, angeweza kulala tu. Anaanza kuchora theluji na ukungu, picha ndogo nyepesi, karibu hazina kitu ndani, nyeupe na kijivu, vimtu viwili vitatu ufukweni. Mtu aliyeshikwa na fomula hafanyi hivyo. Na zile ndo zilikuwa za mwisho, hatujui angefika wapi.

Kipanga_Mweusi

Nimeziona za theluji. Hizo nakubali, ni za mtu mwingine kabisa. Kwenye vichochoro nabaki na msimamo wangu.

MzeeWaKanvasi

Wakuu mi ni mchoraji, nachora hapa Dar kwa rangi za mafuta na akriliki. Nilijaribu kuchora usiku wa ufukweni, kila nikifanya inatoka nyeusi tii imekufa, haina hewa. Kandili au yeyote anayejua, huyu mtu aliwezaje giza lake lipumue?

Kandili

Mzee wangu shikamoo. Mi sio mchoraji, ni mpenzi tu, ila nieleze ninachokiona na wachoraji mtanisahihisha. Kitu cha kwanza angalia anga zake, hazina weusi kabisa. Ukiiweka picha yake pembeni ya picha ya kamera ya usiku halisi utaona anga lake lina mwanga mwingi ajabu, linakaribia kuwa la jioni. Weusi kauweka kwenye miti na ukuta na meli tu, vitu vya mbele, na hata huo ni kahawia ya kina. Kwahiyo macho yako yanaambiwa ni usiku na ile tofauti ya mti mweusi mbele ya anga jepesi.

Pili ni jicho lenyewe. Kwenye mwanga hafifu jicho linapoteza uwezo wa kutofautisha rangi, zile seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazioni rangi. Kwahiyo ndani ya picha nzima yeye anatumia karibu rangi moja tu, kijani kahawia, kila kitu kinaingia ndani ya hiyo familia, alafu rangi ya moto anaitoa sehemu chache, dirishani, taa ya gari la farasi. Ukimwaga rangi sehemu nyingi usiku unakimbia.

Bahari_Shwari

Na zile tabaka nyembamba Mzee. Anga lake linaonekana limetandazwa mara nyingi, rangi nyepesi yenye mafuta inapita juu ya iliyokauka chini, ya chini ikiwa imeng'aa zaidi, kwahiyo mwanga unaingia unapiga chini unarudi. Ukichanganya kabla kwenye paleti ukapaka mara moja rangi inakuwa nzito haipitishi kitu. Jaribu kuanza na kanvasi ya kijivu chepesi au njano hafifu usianze na nyeusi.

MzeeWaKanvasi

Marahaba kijana wangu Kandili. Binti umenisaidia sana, hapo pa kuanza na nyepesi ndo palikuwa pananishinda maana mi nilikuwa naanza na nyeusi alafu napandisha. Wiki hii naanza upya na ile ya ngalawa.

Mwamba_wa_Sanaa

Mnamsifia Grimshaw lakini usiku wa kipindi kile mwenyewe ni Whistler. Yule Mmarekani aliyehamia London. Grimshaw anakuelezea kila tofali, Whistler anakupa daraja, ukungu na cheche mbili, unamalizia mwenyewe. Na aliteswa kwa hilo, Ruskin mhakiki mkubwa wa wakati ule aliandika kwamba anaomba gini 200 (gini ni fedha ya Kiingereza ya zamani, paundi moja na shilingi) kwa kuwarushia watu kopo la rangi usoni, Whistler akamshtaki, kesi ikasikilizwa 1878 akashinda, fidia akapewa farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote, gharama za kesi zikamfilisi. Hiyo ndo sanaa, mtu anafilisika kwa ajili ya msimamo.

Kandili

Mwamba hao wawili walijuana. Grimshaw alipanga chumba cha kazi Chelsea katikati ya miaka ya 1880, eneo la Whistler kule London, na inasimuliwa Whistler mwenyewe alisema alikuwa anajiona ndo mgunduzi wa picha za usiku mpaka alipoziona za mbalamwezi za Grimmy. Kwahiyo mwenye mali hakuwa na wivu, sisi tunagombana nini.

Ila tofauti uliyoitaja ni ya kweli na mi naichukua kwa upande mwingine. Whistler usiku wake hauna mahali, ungeweza kuwa popote. Wa Grimshaw una anwani. Ni Boar Lane Leeds, ni gati ya Liverpool, duka lile, kona ile, na ndio maana watu wa Leeds mpaka leo wanasimama mbele ya picha wananyoosha kidole. Kuna thamani kubwa kwa mji kuwa na mtu aliyeuchora usiku wake kwa upendo namna hiyo.

Na kama tunataja mabingwa wa mwezi tusimsahau Arkhip Kuindzhi, 1880 hiyohiyo kule St Petersburg, Urusi, alionyesha picha moja tu ya mto Dnieper usiku, chumba kimefanywa giza, taa imeelekezwa kwenye picha, watu wanapanga foleni wengine wakidhani kuna taa imefichwa nyuma ya kanvasi. Bahati mbaya rangi alizotumia zimezidi kuwa nyeusi kadri miaka inavyokwenda.

Nuru_ya_Jioni

Nimefuatilia kimya muda wote. Mi nina dukuduku moja, hizi bandari, Liverpool, Hull, Glasgow, ni bandari za watu waliobeba mizigo mgongoni. Wapakuaji wako wapi? Leeds nayo ni watoto na wanawake viwandani. Kwenye picha zake kila mtu anatembea polepole kama hana shida. Kwani alikuwa haoni?

Kandili

Dada Nuru hili swali na mi huwa linanisumbua na jibu kamili sina, hakuacha barua wala shajara za kutuambia alikuwa anafikiri nini. Kwa upande mmoja ni kweli, saa aliyochagua ni saa ambayo kazi imeshaisha, na mnunuzi wake alikuwa ndo mwenye meli au mwenye kiwanda, hakutaka kutundika sebuleni mtu aliyepinda mgongo. Kwa upande wa pili wale wanawake wake wa vichochoroni wengi sio mabibi wa nyumba kubwa, waangalie, wana kikapu mkononi, nguo ya kawaida, wanatembea nje ya ukuta wa tajiri usiku na dirisha linalowaka sio la kwao. Hawa wa vichochoroni wako nje siku zote. Mi siwezi kudai alikusudia, ila kipo pale kwenye picha na kila nikitazama nakiona.

Nuru_ya_Jioni

Nimerudi kuangalia Liverpool baada ya maelezo yako. Nimeona na wale waliosimama mbele ya maduka bila kuingia. Haliniridhishi jibu lote lakini nimeanza kuwatazama watu badala ya mwezi.

Mjukuu_wa_Fundi

Kandili sisi wa simu ya bando dogo tuanzie na zipi? Nipe tatu tu.

Kandili

Liverpool Quay by Moonlight, ipo Tate na tovuti yao inakuruhusu kukuza. Alafu Reflections on the Thames, Westminster aliyoisema dada hapo juu. Ya tatu Silver Moonlight ya 1886, ipo jumba la sanaa la Mercer pale Harrogate, hiyo ni ya kichochoro, na Kipanga naomba uifungue na wewe uiangalie kwenye skrini kubwa, anza chini kwenye njia kabla hujapanda kwenye miti, alafu uje utuambie kama bado unaona fomula.

Kipanga_Mweusi

Naifungua kesho ofisini kwenye kompyuta. Nitarudi.